Sura ya Sita: Mafuta ya Breki Yana Umri Wake

Barabara inayoshuka kutoka Lushoto hadi Mombo, mkoani Tanga, ni nyembamba na ina kona nyingi. Kuanzia Soni inaambaa na ukuta wa mlima upande mmoja, na upande wa pili ni korongo. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, iko takriban mita elfu moja chini yake, na umbali wa kati ya miji hiyo ni kilomita 30 na ushei tu.

Chukua Toyota Vitz iliyopakia watu wanne na viroba vyao vya viazi na karoti. Uzito wake wote unafika kilo 1,300 hivi. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, kulishusha gari hilo mita elfu moja bila kuliacha liongeze mwendo kunazaa joto la kutosha kuchemsha ndoo mbili za maji, lita 20 kila moja, tangu yakiwa ya bomba. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva anayeshuka kwa gia ndogo huiachia injini sehemu kubwa ya kazi. Anayeweka nyutro ili kuokoa petroli huzitwisha breki karibu mzigo wote, hasa za mbele.

Pedi zinapobana diski, diski inapata moto, pedi zinapata moto, na nyuma ya pedi kuna pistoni ya chuma inayogusana moja kwa moja na mafuta ya breki. Hapo ndipo kisa cha sura hii kinapoanza. Mafuta hayo ni kidogo sana, vijiko vichache tu ndani ya kila kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi, nayo hayazunguki kama maji ya rejeta au oili ya injini. Yaliyo kwenye kalipa leo ndiyo yaliyokuwemo mwaka jana, na kama hakuna aliyeyatoa, ndiyo yaliyokuwemo gari lilipotoka kiwandani.

Yakichemka, yanatoa mvuke. Kimiminika hakibanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wa dereva unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Pedali inazama hadi sakafuni na gari haliitikii. Dereva akipampu mara kadhaa anaweza kupata breki kidogo, au asipate kabisa. Cha ajabu ni kinachofuata: gari likisimama na kupoa, mvuke unageuka kimiminika tena na pedali inarudi juu, ngumu kama siku zote. Fundi akilikagua saa mbili baadaye anaweza kukuta pedi nzima, paipu nzima, mafuta yamejaa kwenye kitangi, naye akabaki anamtazama dereva kwa mashaka.

Dalili hii isichanganywe na ile ya pedi zilizozidiwa na moto. Pedi zikiungua, pedali inabaki juu na ngumu, dereva anakanyaga kwa nguvu zote, ila gari linapunguza mwendo kwa shida na harufu ya kuungua inaingia ndani. Mafuta yakichemka, pedali ndiyo inayolegea na kuzama. Malori makubwa na mabasi yanayoshuka Kitonga au Sekenke hutumia breki za upepo, na matatizo yake ni mengine. Yanayozungumziwa hapa ni magari madogo, pikapu, Noah, Hiace na mengine yote yenye kitangi cha mafuta ya breki chini ya boneti.

Kutoka mbarika hadi glaikoli

Wazo la kutumia kimiminika kubeba nguvu ya mguu ni la zamani. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo likiwekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa pande zote. Mwishoni mwa miaka ya 1910, Mmarekani Malcolm Loughead aliiingiza kanuni hiyo kwenye magurudumu ya gari. Mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A liliuzwa likiwa na breki za kimiminika kwenye magurudumu yote manne. Ford aliendelea kuamini fimbo na waya za chuma hadi mwaka 1939.

Mafuta ya breki ya enzi hizo yalikuwa mchanganyiko wa mafuta ya mbarika na alkoholi. Yalifanya kazi kwa magari mazito ya mwendo mdogo, lakini diski na mwendo kasi vilipokuja, kiwango chake cha kuchemka hakikutosha. Mafuta yanayotumika sasa kwenye magari mengi yanatokana na familia ya glaikoli. Yanahimili joto kali na baridi kali, hayali mpira unaotumika kwenye mfumo wa breki, na bei yake si kubwa. Ila yana tabia moja inayoamua umri wake: yanavuta unyevu wa hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni Pangani wakati wa masika.

Unyevu unaingia kupitia tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha kitangi, na unapenya polepole kwenye mipira inayounganisha paipu za chuma na magurudumu. Hauhitaji gari litembee. Gari lililoegeshwa mwaka mzima uani kwa marehemu baba, likisubiri mirathi iishe, linavuta unyevu sawa na teksi inayozunguka Dar es Salaam kutwa. Hewa ya pwani, yenye joto na unyevu karibu mwaka mzima, inaharakisha jambo hilo kuliko hewa kavu ya Dodoma.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini watengenezaji wasitumie mafuta yasiyovuta maji kabisa. Yapo, yanatokana na silikoni, na yanauzwa kwa jina la DOT 5. Lakini maji yakipata njia ya kuingia kwenye mfumo wenye silikoni hayachanganyiki na mafuta. Yanashuka sehemu ya chini kabisa, mara nyingi ndani ya kalipa, yanakaa hapo kama maji matupu, yanaozesha chuma na yanaweza kuchemka kwa nyuzi 100 au zaidi kidogo. Mafuta ya glaikoli yanayeyusha maji hayo ndani yake na kuyatawanya, hivyo kiwango cha kuchemka kinashuka hatua kwa hatua. Tabia inayoonekana kuwa kasoro ndiyo inayompa mwenye gari muda wa kuchukua hatua.

Namba zilizo kwenye chupa

Herufi DOT ni kifupi cha Idara ya Usafirishaji ya Marekani, ambayo viwango vyake vimekubalika karibu dunia nzima. Kila daraja lina viwango viwili vya chini vya kuchemka: kimoja mafuta yakiwa mapya na makavu, kingine yakiwa yameshavuta maji asilimia 3.7.

DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; ikishavuta maji kiasi hicho, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Asilimia 3.7 ya lita moja ni mililita 37, yaani vijiko viwili na nusu vya mezani. Maji kiasi hicho yanaweza kuondoa zaidi ya nyuzi 60 kwenye kinga ya breki, na hakuna jicho litakaloyaona.

DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja wa glaikoli na zinaweza kuchanganyika bila kudhuru mipira, ingawa mchanganyiko uhesabiwe kuwa na ubora wa iliyo duni. DOT 5, licha ya namba yake kukaribiana sana na 5.1, ni ile ya silikoni na haichanganywi na yoyote kati ya hizo. Rangi inasaidia kidogo: kiwango cha Marekani kinataka DOT 5 iwe ya zambarau, na zile za glaikoli ziwe kati ya kutokuwa na rangi na rangi ya asali. Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kifuniko chenyewe cha kitangi na kwenye kitabu cha gari. Palipoandikwa DOT 3, DOT 4 inaruhusiwa kwenye magari mengi. Palipoandikwa DOT 4, kurudi DOT 3 ni kupunguza kinga.

Oili ya injini, oili ya gia na ile ya stelingi hazina nafasi kwenye kitangi hicho hata kwa dharura ya kufika mji unaofuata. Mipira ya breki iliundwa kustahimili glaikoli. Ikikutana na oili ya petroli inavimba, inalainika, pistoni zinang'ang'ania, na breki zinaweza kukamata zenyewe au kuachia. Kosa hilo likitendeka, kusafisha hakutoshi. Kila kipande cha mpira kuanzia masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, hadi magurudumu hubadilishwa. Anayenunua gari la mkononi na kuwa na shaka anaweza kudondosha matone machache ya mafuta ya kitangi kwenye glasi ya maji. Ya glaikoli yanayeyuka. Yakielea juu, hayo si ya glaikoli, na gari halifai kuendeshwa kabla halijakaguliwa.

Lini yabadilishwe

Watengenezaji hawasemi kitu kimoja. BMW na Mercedes-Benz wanataka mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Honda wanasema miaka 3. Baadhi ya vitabu vya magari yaliyouzwa Marekani havitaji muda wowote, vinasema yakaguliwe tu. Anayeishi kwenye joto na unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja, au anayeshuka milima mara kwa mara, afuate miaka 2 bila kubishana. Anayeishi bara penye hewa kavu na barabara tambarare, na ambaye kitabu cha gari lake kinaruhusu miaka 3, anaweza kufika huko. Kilomita hazina uzito mkubwa katika uamuzi huu. Kalenda ndiyo inayohesabu.

Magari mengi ya Afrika Mashariki yalianza maisha yake Japani. Huko sheria inalitaka gari binafsi lifanyiwe ukaguzi wa serikali miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila miaka 2, na gereji nyingi hutumia nafasi hiyo kubadilisha mafuta ya breki. Tatizo linaanza mwenye gari Mjapani anapoamua kuliuza badala ya kulipia ukaguzi unaofuata. Wakati huo mafuta yana karibu miaka 2. Gari linapita mnadani, linangoja meli, linavuka bahari, linatolewa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, kisha linasimama kwenye yadi likioshwa kila asubuhi. Mnunuzi anabadilisha oili ya injini siku ya kwanza kwa furaha ya gari jipya. Kifuniko cha mafuta ya breki hakiguswi.

Mafuta yakishuka kwenye kitangi, wengi hununua kichupa na kuongeza, wakaona kazi imekwisha. Kabla ya kuongeza, sababu itafutwe. Pedi zinavyolika, pistoni zinasogea mbele na kuvuta mafuta zaidi, hivyo kushuka taratibu kwa miezi mingi ni jambo la kawaida linaloashiria kwamba pedi zikaguliwe. Mwenye gari akiyajaza sasa na pedi mpya zikafungwa mwezi ujao, pistoni zitarudishwa nyuma na mafuta yatafurika na kubabua rangi ya gari. Yakishuka ghafla, kuna mahali yanavuja, na gari halitakiwi kuendelea na safari. Kwa vyovyote vile, mafuta mapya yaliyoongezwa juu hayafiki kwenye kalipa. Kitangi kinaweza kung'aa rangi ya asali huku yaliyo nyuma ya pedi yakiwa meusi na yenye maji.

Rangi nayo haitoshi kuwa hakimu. Mafuta meusi yanaonyesha uchakavu wa mipira na uchafu, na ni sababu nzuri ya kuyabadilisha. Lakini mafuta yanayoonekana safi yanaweza kuwa yamevuta maji, kwa sababu maji hayana rangi. Vipo vipimo vidogo vyenye umbo la kalamu, vyenye taa za kijani, njano na nyekundu, vinavyokadiria maji kwa kupima jinsi mafuta yanavyopitisha umeme. Vinafaa kwa kukisia, ila vinapima yaliyo kwenye kitangi, na mafuta ya aina tofauti huvipotosha. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile kinachochemsha sampuli na kusoma nyuzi zake, lakini gereji chache mtaani zinacho. Mwenye gari asiyejua tarehe ya mwisho hana haja ya kuhangaika na vipimo: abadilishe, kisha aanze kuhesabu.

Kazi yenyewe

Kwa gari dogo la kawaida, lita moja inatosha na kubaki kidogo. Chupa iwe imefungwa kiwandani, na ifunguliwe palepale kazi inapoanza. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mteja aliyepita imeshaanza kuvuta unyevu kama gari lenyewe.

Gari linaegeshwa pa tambarare na magurudumu yanawekewa vigingi. Kifuniko cha kitangi kinafutwa vumbi kabla ya kufunguliwa. Fundi anafyonza mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, anapangusa, kisha anajaza mapya. Hatua hii pekee inaokoa muda mwingi, kwani vinginevyo uchafu wote wa kitangi ungesafirishwa kupitia paipu hadi kwenye magurudumu.

Kisha anaenda kwenye gurudumu. Utaratibu wa kale ni kuanza na lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, masta silinda iko mbele kulia, kwa hiyo la mbali ni la nyuma kushoto. Hufuata nyuma kulia, mbele kushoto, na kumalizia mbele kulia. Yapo magari ambayo mabomba yake yamegawanywa kwa mshazari au yenye ABS ambayo kitabu chake kinataja mpangilio mwingine. Kitabu kikisema tofauti, kitabu kifuatwe.

Kila kalipa ina skrubu ndogo ya kutolea upepo, yenye kofia ya mpira. Spana ya duara inatangulia, mara nyingi namba 8 au 10, kisha mpira mwembamba unaopitisha mwanga unachomekwa juu ya skrubu, na ncha ya pili inazamishwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Spana ya wazi haifai hapa: skrubu iliyoganda kwa kutu ikiviringwa pembe zake, kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima. Kijana anakaa kwenye kiti cha dereva. Fundi, akiwa amechuchumaa, anaita: “Kanyaga! Shikilia!” Anafungua robo mzunguko. Mafuta yanachuruzika kwenye mpira, meusi, yakiwa na chembechembe. Anafunga. “Achia!” Ni lazima skrubu ifungwe kabla mguu haujaachia, ikichelewa, mfumo unavuta hewa na kazi inaanza upya. Wanarudia hadi meusi yanakatika na nyuma yake yanakuja ya rangi ya asali, bila povu.

Mambo mawili huharibu kazi hii mara kwa mara. La kwanza ni kusahau kitangi: kila baada ya mikanyago michache kinaongezwa, kwani kikikauka masta silinda inavuta upepo. La pili ni kijana mwenye bidii anayekanyaga pedali hadi sakafuni. Kwenye gari lenye umri, sehemu ya mbele ya masta silinda haijafikiwa na mipira yake kwa miaka, na huenda ina kutu. Mipira ikisukumwa huko inachanika, na gari lililoingia na breki nzuri linatoka na masta silinda inayovujisha shinikizo. Kipande cha mbao kikiwekwa chini ya pedali, mguu hauwezi kwenda mbali hivyo.

Mwisho skrubu zinakazwa kwa kiasi, kofia zinarudishwa, mafuta yanajazwa hadi alama ya juu na si zaidi. Mahali palipodondokewa panamwagiwa maji mara moja, kabla rangi haijababuka. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi kwenye kitangi hata yakichujwa kwa kitambaa. Chujio haliondoi maji. Yasimwagwe mtaroni wala kuachwa kwenye chupa ya soda, maana ni sumu kwa watoto na mifugo. Kabla gari halijatoka, pedali inakanyagwa injini ikiwa inanguruma: iwe juu, ngumu, isizame ikishikiliwa nusu dakika. Ikiwa laini, upepo umebaki, na kazi inarudiwa.

Utaratibu huu wa mguu na spana haufai kwa kila gari. Toyota Prius, Aqua na haibridi nyingine nyingi zina breki zinazoendeshwa kwa pampu ya umeme na akiba ya shinikizo kubwa, na pedali haisukumi magurudumu moja kwa moja wakati wote. Kuzitoa upepo kunahitaji kompyuta ya uchunguzi inayoamuru pampu na vali hatua kwa hatua. Fundi asiye na kifaa hicho aseme hivyo mapema, na mwenye gari asimlazimishe.

Kazi ikishaisha, tarehe na aina ya mafuta vinaandikwa kwenye kipande cha plasta na kubandikwa chini ya boneti, karibu na kitangi, ili fundi mwingine na mnunuzi wa baadaye wavione. Gari lisilo na kumbukumbu hiyo lichukuliwe kuwa limepitiliza muda, hata kama limetoka bandarini wiki iliyopita na kitangi chake kinang'aa. Mafuta yake yabadilishwe kabla ya safari ya kwanza ya mlimani, na wakati wa kushuka, gia ndogo iingizwe gari likiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza.